Ubingwa wa 1986 na Daftari la Daraja la Nne

Kuna hadithi moja ambayo kila mtu wa Mbeya mwenye umri wa kutosha huisimulia, na hata wasio na umri huo huisimulia kana kwamba walikuwapo. Ni hadithi ya Tukuyu Stars. Husemwa hivi: mwaka 1986, timu ya mji mdogo wa mlimani, ndiyo kwanza imepanda daraja, iliingia katika ligi ya Taifa, ikawakuta wakubwa wa Dar es Salaam wamezoea kupokezana kombe, ikawanyang'anya na kupanda nalo mlima hadi Tukuyu. Hapo msimulizi hunyamaza kidogo, akatikisa kichwa, kisha akasema: "Ule ulikuwa muujiza." Wasikilizaji nao huitikia: "Muujiza kabisa."

Nimeisikia hadithi hiyo ndani ya mabasi ya Kyela, katika misiba, katika ofisi za walimu, na mara nyingi imetoka kinywani mwangu mwenyewe. Naipenda. Banyambala, kama walivyoitwa, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, walitupa furaha ambayo hatukuizoea. Lakini nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na kazi ya mwalimu wa fasihi ni kuiuliza hata hadithi aipendayo: je, imesimuliwa vema? Katika insha hii nataka kuihakiki hadithi hii kama ambavyo ningehakiki riwaya au tamthilia. Maoni yangu, nayasema mapema ili msomaji asichoke kuyatafuta, ni kwamba tumeisimulia vibaya, na ubaya huo umetugharimu.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ubishi na tukio lenyewe. Ligi yetu ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo baadaye iliitwa Simba. Tangu mwaka huo hadi 1985 ubingwa ulitoka nje ya Dar es Salaam mara moja tu, mwaka 1975, ulipochukuliwa na Mseto ya Morogoro. Baada ya Tukuyu walifuata Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000. Tangu hapo kombe halijatoka tena Dar es Salaam. Kwa hiyo anayesema kwamba jambo la 1986 lilikuwa kubwa hakosei. Ninachokosoa ni masimulizi.

Ningekuwa nasahihisha, ningeandika pembezoni kasoro nne.

Kasoro ya kwanza ni mwanzo. Hadithi huanzia pale timu inapoingia katika ligi ya Taifa, kana kwamba vijana kumi na mmoja walishuka kutoka mawinguni wakiwa wamevaa jezi. Kila ajuaye mpira wetu anafahamu kwamba hakuna timu iliyofika huko bila kupita wilayani, kisha mkoani, kisha kupambana na mabingwa wa mikoa mingine. Ngazi hizo zote zimekatwa. Mwanafunzi wangu angeniletea insha yenye kilele bila mwanzo, ningemrudishia.

Kasoro ya pili ni wahusika. Katika hadithi hii wapo wafungaji na basi. Hayupo aliyefua jezi, hayupo mwamuzi, hayupo mwenye lori aliyekubali kulipwa baada ya mavuno ya kahawa. Akina mama waliopika ndizi kwa ajili ya wageni hawapo pia. Timu ya mpira ni watu wengi sana, lakini hadithi yetu inaweza kuingia yote katika teksi moja.

Kasoro ya tatu ni mandhari. Tukuyu inatajwa kuwa "mlimani", basi. Lakini mji ule uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, na mvua yake ni miongoni mwa mvua nyingi kabisa nchini, hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kuna ukungu, kuna udongo mweusi wa volkano unaoshika miguu, kuna chai na migomba hadi kandokando ya uwanja. Mtu aliyejifunza kupiga chenga katika utelezi ule ana miguu ya namna nyingine. Mandhari hapa inafanya kazi ndani ya hadithi yenyewe, nasi tumeigeuza kuwa picha ya ukutani.

Kasoro ya nne, nayo ndiyo mama wa hizo tatu, ni neno lenyewe muujiza. Katika tamthilia za Wagiriki wa kale, mtunzi aliyeshindwa kuyafungua mafundo ya hadithi yake alimshusha mungu jukwaani kwa mtambo wa kamba, akayamaliza matatizo yote. Wahakiki wamekuwa wakilicheka jambo hilo tangu wakati wa Aristotle. Muujiza una kazi hiyohiyo: unafunga maswali. Ukisema muujiza, hakuna haja ya kuuliza nani alifanya nini, lini, na kwa gharama gani.

Nilianza kuyawaza haya kwa sababu ya kijitabu cha kigeni. Mwalimu mmoja kutoka Ireland aliyewahi kufundisha nasi alinionyesha kitabu chembamba kilichochapwa na watu wa parokia ya kwao, kikihusu mchezo wao wa jadi uitwao hurling. Wachezaji ni kumi na watano kila upande, na kila mmoja ana fimbo bapa ya kupigia mpira mdogo mgumu. Chama kinachousimamia kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na mmoja wa waanzilishi, Michael Cusack, alikuwa mwalimu, jambo lililonifurahisha. Timu za huko ni za parokia, wachezaji hawalipwi, na mashindano yana madaraja. La chini miongoni mwa watu wazima huitwa la wadogo, ingawa wachezaji wake wanaweza kuwa wanaume wenye ndevu na watoto.

Kijitabu kile kilisimulia msimu mmoja wa daraja hilo la chini, miaka ya 1950. Zaidi ya watu 400,000 waliihama Ireland katika mwongo ule kutafuta kazi, wengi wao Uingereza, na kuna parokia zilizohangaika kupata watu kumi na watano. Mwandishi alimtaja aliyeondoka baada ya mechi ya pili na aliyechukua nafasi yake, akamtaja na aliyechora mistari ya uwanja kwa chokaa. Nilipokisoma niliwakumbuka watu wetu wa Rungwe waliokwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine Copperbelt na migodi ya Afrika Kusini, wakati wa ukoloni. Nasi tulikuwa na vijiji vilivyobaki na wazee na wavulana. Tofauti ni kwamba wale wenzetu waliandika nani alibaki akacheza.

Sikisifu kijitabu kile kwa kila kitu. Kina kasoro yake: kinamtaja kila mtu lakini hakimpimi yeyote. Kila mchezaji ni hodari, kila mwamuzi ni mwadilifu, kila mchezo ulikuwa wa kusisimua. Sifa zikigawiwa sawasawa kama mgawo wa sukari, mwisho hazina ladha. Hata hivyo, ningependa kuwa na kitabu chenye kasoro hiyo kuliko kutokuwa na kitabu. Anayetaka kukosoa lazima kwanza awe na maandishi mbele yake.

Sasa nifike mahali ambapo sikupenda kufika. Maandishi hayo sisi tulikuwa nayo, na aliyekuwa nayo ni mimi.

Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu wilayani Rungwe. Nilichaguliwa kuwa katibu wa mashindano ya timu za tarafa, wala si kwa kuwa nilijua mpira. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa na kaunta buku. Tuliyaita mashindano yale daraja la nne, ingawa hapakuwa na karatasi yoyote iliyotupa daraja hilo. Timu zilikuwa saba: ya chuo chetu, ya wafanyakazi wa shamba la chai, ya vijana wa gereji, na nne za vijiji. Kila timu ilicheza na kila nyingine nyumbani na ugenini. Yaani michezo arobaini na miwili, kuanzia Juni mvua zilipopungua hadi mwanzoni mwa Oktoba.

Wanaoukumbuka mwaka ule wanajua hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza Oktoba 1978, na vijana wetu kadhaa walikuwa bado hawajarudi kutoka Uganda. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Mafuta ya petroli yalikuwa haba, na magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Sisi tulicheza Jumapili, maana Jumamosi watu walikuwa mashambani. Matokeo yake ni kwamba timu ngeni iliyokuja asubuhi kwa gari la kuazima ilirudi jioni kwa miguu, ikiwa imeshinda au imeshindwa. Nakumbuka timu moja ikirudi kwao usiku, kilomita kama kumi na nne, wakiimba ili wasiogope.

Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja kwa tarafa nzima, na ulikaa chumbani kwangu chini ya kitanda. Fundi viatu aliushona mara nyingi hata ukawa na upande mzito. Wachezaji waliujua upande ule, na mpigaji wa penalti aliyekuwa na akili aliugeuza kwanza kabla ya kuupiga. Nyavu hazikuwapo, kwa hiyo tuliweka mzee mmoja nyuma ya kila goli, mtu asiyekuwa na ndugu katika timu yoyote, aseme kama mpira umepita ndani au juu. Kumpata mzee wa namna hiyo katika Rungwe kulikuwa kugumu kuliko kupata nyavu. Mistari tuliichora kwa majivu ya jiko la chuo. Ikinyesha manyunyu, kipindi cha pili kilichezwa kwa kumbukumbu.

Yote hayo niliyaandika: matokeo, wafungaji, waamuzi, na sababu za kuchelewa. "Mwamuzi alifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi, mnyororo wa baiskeli ulikatika." Niliandika na ugomvi pia. Mchezo mmoja wa timu yetu wenyewe ulivunjika kwa sababu beki wetu, mwanachuo wa mwaka wa pili, alimtukana mzee wa nyuma ya goli. Nilitaka kuliruka jambo hilo kwa ajili ya heshima ya chuo. Mkuu wetu wa chuo wakati ule, mtu mkali, alilifungua daftari, akaniambia: "Mwalimu, liandike. Kesho utamfundisha nani ukweli?" Nikaliandika.

Mchezo wa mwisho uliamua bingwa. Walikutana wafanyakazi wa shamba la chai na timu ya kijiji kimoja cha bondeni, na kijiji kilihitaji sare tu. Golikipa wa kijiji alikuwa fundi seremala, kijana wa miaka kama ishirini na minne, aliyecheza pekupeku kwa hiari yake. Alisema viatu vinamziba masikio ya miguu. Kipindi cha pili ukungu ulishuka kutoka mlima Rungwe, kama kawaida yake, hata watazamaji wa upande huu wakawa wanawauliza wa upande wa pili mpira uko wapi. Zikiwa zimebaki dakika chache, shamba la chai walipata penalti. Wengi wetu hatukuona ilivyopigwa. Tulisikia mguu ukigonga mpira, tukasikia kishindo cha pili, kisha kimya, halafu sauti ya yule mzee wa nyuma ya goli ikitoka ndani ya ukungu: "Amekamata! Amekamata, jamani!"

Kijiji kikawa bingwa. Zawadi ilikuwa mbuzi mmoja na taa ya karabai. Mbuzi hakumaliza usiku ule. Karabai ilitumika kijijini katika misiba na arusi kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1985 nilihamishiwa Iringa. Nilipokuwa nafunga mizigo, nilitenga vyeti vyangu, barua za ajira, na vitabu. Lile kaunta buku lilikuwa limeliwa na panya pembeni, na nililiona ni mzigo. Kurasa tupu za nyuma nilizichana nikazitumia kuandikia barua. Zilizobaki zilikwenda jikoni kuwashia moto. Sikuibiwa, wala hakuna mvua iliyoingia darini. Nilifanya mwenyewe, mimi niliyewafundisha walimu wa kesho methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka uliofuata Tukuyu Stars wakachukua ubingwa. Nilisikia kwa Radio Tanzania, nikiwa Iringa, kati ya walimu wenzangu Wahehe na Wabena waliokuja kunipongeza kama vile nilifunga mimi. Wakaniuliza: "Mwalimu, imekuwaje?" Nami, mtu niliyewahi kuwa na daftari lenye michezo arobaini na miwili iliyochezwa na vijana wa milima ileile, nikajibu: "Muujiza tu, ndugu zangu." Wavulana waliookota mipira nyuma ya magoli yetu mwaka 1979 walikuwa wametimia umri wa kucheza mwaka 1986. Sidai kwamba fulani alitoka kwetu. Nasema tu kwamba mlima uliokuwa na michezo ya namna ile katika kila bonde haukuwa mtupu, na kwamba mimi nilijua, lakini neno lililonitoka lilikuwa lile la watu wote.

Mwaka 2014 nilikwenda Tukuyu kuwaona ndugu. Ulikuwa mwaka wa Mbeya City, timu iliyoanzishwa mwaka 2011, ikapanda ligi kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, mbele ya Simba. Azam waliutwaa ubingwa wao wa kwanza palepale uwanja wa Sokoine, Mbeya, kwa kuifunga City mabao 2 kwa 1. Watu wote walikuwa wakizungumza mpira, na neno muujiza lilikuwa limerudi mitaani. Sokoni nilimkuta yule golikipa, sasa mzee mwenye mvi, ameshikana mkono na mjukuu wake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Lile daftari letu bado unalo?"

"Marahaba. Daftari gani, ndugu yangu?" Nilijua ni lipi.

"La daraja la nne. Huyu mjukuu wangu anasema mimi sikuwahi kucheza mpira. Anasema wachezaji ni wale wa Stars na hawa wa City."

Nilimwambia ukweli, kwamba nililichoma. Alinitazama, kisha akacheka bila ubaya. "Basi nimebaki na mdomo tu, Mwalimu," akasema.

Alifariki miaka mitano baadaye, nami nilihudhuria mazishi. Wasifu wa marehemu ulisomwa vizuri: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akapata watoto saba, alikuwa fundi hodari wa milango na majeneza, aliugua, akafariki. Mpira haukutajwa. Niliomba nafasi, nikapewa dakika mbili. Nilisimulia ukungu, penalti, na sauti ya yule mzee. Nilipofika kwenye matokeo nilisema ilikuwa sare ya bao moja kwa moja. Mtu mmoja kwenye viti vya nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Mbili mbili." Mwingine akasema hapakuwa na bao. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, na mimi nikakaa.

Baada ya mazishi yule mjukuu, ambaye sasa alikuwa kijana wa sekondari, alinifuata nje. "Babu, shikamoo. Kwa hiyo ni kweli aliipangua?" Nikamwambia ni kweli, aliidaka kabisa. Akaniuliza tena, kwa adabu tu: "Imeandikwa wapi?"

Miaka yote niliyofundisha sijaulizwa swali la uhakiki lililonishinda kama hilo.

Msomaji anaweza kunipinga hapa, na wengine wamenipinga uso kwa uso. Husema: Mwalimu, hadithi fupi ndiyo inayodumu. Nani atasikiliza habari za mnyororo wa baiskeli? Muujiza huwapa vijana matumaini, lakini takwimu za daraja la nne zitawapa usingizi. Hoja hii ina uzito. Watangazaji wa Radio Tanzania walitufundisha kuona mpira kwa masikio, na kazi yao ilikuwa sanaa ya kweli ya Kiswahili. Lakini hawakuweza kufika katika kila bonde, na kazi ya mtangazaji ni dakika tisini. Hakuna wa kuwalaumu. Nakubali pia kwamba msimulizi ana haki ya kukata na kufupisha, maana hata mimi hapa sikuisimulia michezo yote arobaini na miwili.

Hata hivyo, kuna kukata nyama ili ipikike, na kuna kukata mizizi. Nauliza: hayo matumaini ya muujiza yametuletea nini? Anayeamini kwamba ubingwa wa 1986 ulishuka kutoka juu atakaa akiungoja ushuke tena. Hataona sababu ya kulinda uwanja wa kijiji. Katika safari zangu kati ya Mbeya na Iringa nimeona viwanja vingi nilivyovijua vikiwa sasa ni nyumba, maduka na gereji. Kila mara mtu husema: "Palikuwa na uwanja tu hapa, hapakuwa na kitu." Anasema hivyo kwa sababu hakuna hadithi iliyomwambia kilichokuwapo. Uwanja usiokuwa na hadithi ni kiwanja tu, na kiwanja hupimwa na kuuzwa.

Iringa nako tuna ugonjwa huohuo. Mwaka 2019 Lipuli walifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi, wakafungwa na Azam bao 1 kwa 0. Nimewauliza vijana wa hapa walifikaje huko. Wengi wananijibu: "Bahati tu, mzee." Miaka michache imepita, na tayari safari nzima imekuwa neno moja. Kama Tukuyu walipewa muujiza, Lipuli wamepewa bahati, ambayo ni muujiza wa bei nafuu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Hadithi ya Tukuyu Stars ina kilele kizuri kuliko hadithi yoyote ya mpira niijuayo katika nyanda zetu za juu, lakini haina mwili. Dawa yake si kupunguza sifa za Banyambala. Dawa ni kuwazunguka na watu wao: timu zilizofungwa nao wilayani, waamuzi wa baiskeli, wazee wa nyuma ya magoli, na golikipa ambaye hakupanda daraja lolote lakini alidaka mpira ambao hakuna aliyeuona. Na wote hao wasisifiwe tu, bali wapimwe. Beki wetu aliyemtukana mzee awemo pia. Simuonei, ukweli wa mchezo ule hautimii bila yeye.

Mwezi uliopita nilinunua kaunta buku mpya, ya kurasa nyingi. Nimeanza kuandika msimu wa 1979 kwa kadiri ninavyoukumbuka. Pale ninapokumbuka kwa hakika naandika kwa wino, na pale ninapobahatisha naandika kwa penseli. Hadi sasa penseli imetumika zaidi. Mchezo wa mwisho nimeuandika kwa wino wote isipokuwa matokeo. Yule mjukuu, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, nimempelekea kurasa za kwanza, naye amenijibu kwamba anawatafuta wazee wa bondeni waliokuwa uwanjani siku ile.

Msomaji uliyekuwapo, au ambaye baba yako alikuwapo, nitumie unachokumbuka, hata kama ni ugomvi. Nimeacha nafasi chini ya kila mchezo.